Sauti Iliyokuwa Karibu Mno

Machi 9

Redio ya Mwalimu imefika na lori la saruji, ndani ya boksi la viatu, imeviringishwa shuka. Barua yake ni fupi kama kawaida yake tangu aliponifundisha chuoni: "Fundi, hii ni redio ya ridhaa ya kubeba begani, inapokea na kurusha. Waliotengeneza wanataka kujua inavyomtendea mtu kabla hawajatoa nyingi. Itumie msimu mzima wa mvua. Andika kila siku, mkononi ikoje na masikioni ikoje. Usiipendelee."

Basi naandika. Uzito wake ni kama chupa mbili za maji. Mkanda unakata bega. Kioo na vitufe vyote viko juu, kwa hiyo ukiivaa tumboni unaitazama kama mtu anayechungulia sufuria. Ukiwa umesimama ni raha. Nobu ya kuzungushia sauti na nobu ya kuzungushia masafa ni pacha, ukubwa mmoja, zimekaa bega kwa bega. Kila ukibonyeza inalia "pi". Kuizima hiyo "pi" kunataka kupita menyu tatu. Nimechoka nikaiacha.

Mama ameisikia kutoka jikoni. "Hicho kifaranga chako kimekula?"

Machi 10

Nimerusha waya wa antena juu ya paa la karakana. Saa tano asubuhi nimempata Mwalimu, kilomita mia tatu na zaidi, milima miwili katikati. Sauti nyembamba lakini kila neno limefika, hata kikohozi chake. Masikio ya redio hii ni ya popo. Tumekubaliana tusikilizane kila siku saa tano na saa kumi jioni.

Waya uliobaki nimempa fundi viatu wa jirani, mkewe aanikie nguo. Fundi viatu ana kigugumizi, ndiyo maana watu wanamwita Taratibu. Akikushukuru inabidi uweke kazi chini umngoje. Leo nimemngoja. Inafaa kumngoja, maana hasemi ovyo.

Machi 14

Mvua. Hakuna cha kuandika.

Machi 17

Daraja limekwenda na maji jana. Lori la abiria lilikuwa ng'ambo, na wanaosema wanajua wanasema genge la msituni lililisimamisha kabla halijafika mtoni. Mnara wa simu umechomwa alfajiri. Kwa hiyo hatuna barabara, hatuna simu, na askari wako upande wa pili wa maji.

Shemeji, mume wa marehemu dada yangu, amechaguliwa kuongoza walinzi wa mji. Yeye ndiye mwokaji mikate wetu, kila mtu anamjua na kila mtu amekula mkate wake. Nilimuuliza kuhusu mpwa wangu aliye shule ya bweni huko ng'ambo.

"Yuko salama shuleni," akasema, akaendelea kukanda unga.

Machi 18

Wamekuja saa nane mchana, mvua ikipiga mabati kiasi cha kutosikia hata mayowe ya jirani. Walikwenda moja kwa moja kwenye dizeli ya mashine ya kusaga. Tuliihamisha juzi tu, ikafichwa chini ya pumba. Hawakutafuta, walifukua. Mlinzi wa mashine walimpiga risasi ya shingo. Msagaji na mkewe waliwakata kwa mapanga mlangoni pao, na mzee aliyetoka kuangalia kuna nini alipigwa risasi akiwa ameshika mwavuli. Wanne. Tumewazika kwenye tope, kaburi linajaa maji kabla hatujamaliza kuchimba.

Machi 21

Jambo la kiufundi. Saa kumi jioni Mwalimu alikuwa akisema vizuri, mara akapotea, kana kwamba mtu amemfunika kwa mto. Sekunde mbili, akarudi. Akapotea tena. Radi haifanyi hivyo, radi hukwaruza. Huku hata ule mvumo wa kawaida ulizimika.

Nimelijua tatizo. Kuna mtu anarusha kwa nguvu karibu sana na hapa. Redio hii husikia kilicho mbali, lakini haina kichujio kizuri mlangoni mawimbi yanapoingilia, hivyo jirani mwenye kelele humziba masikio hata kama hayuko kwenye masafa yake. Nimeandika nyakati: saa kumi na dakika nne, dakika nne na nusu. Mara mbili.

Machi 24

Saa kumi na dakika sita. Mara mbili tena.

Machi 25

Mwandiko leo ni mbaya, Mwalimu utanisamehe.

Walikuja adhuhuri. Safari hii ilikuwa safu ya maduka. Mimi na Mama tulitoka kwa mlango wa nyuma tukalala kwenye mtaro wa maji machafu, nyasi juu yetu, redio chini ya tumbo langu. Ilikuwa imewaka, nilikuwa bado nikimngoja Mwalimu, aliyekosekana saa tano. Nilitaka kuishusha sauti. Sasa sikia: ukilala kifudifudi huoni kitu, maana kila kitu kiko juu ya redio na juu yake kuna tumbo lako. Nikapapasa. Nikapata nobu, nikaizungusha, kumbe ni ya masafa. Ikatua kwenye kituo cha matangazo, na mtangazaji akasoma bei za mazao kwa sauti ya kupasua.

Mmoja wao alikuwa hatua kumi. Akaja akifunua nyasi kwa panga. Mama alinyanyua mkono kunikinga kichwa, panga likashuka kwenye mkono wake, chini ya kiwiko. Nilisikia mfupa. Alirudisha panga juu mara ya pili, na wenzake wakamwita, maana walikuwa wameshajaza mkokoteni. Akatutazama kama mtu aliyekatizwa chakula, akaondoka.

Nilimfunga Mama kwa mkanda wa redio. Mganga wa zahanati amesema mkono utabaki, vidole vitatu havitafanya kazi tena. Maduka saba wameyachoma na ndani ya moja walikuwamo watu wawili.

Mama ameongea mara moja tu tangu mchana. "Mwambie huyo mwalimu wako, vidude viwili vya kuzungusha vinavyofanana ni uchawi."

Machi 27

Leo nimewaambia. Nilikwenda kwenye benchi la walinzi nje ya ghala, nikasema kuna mtu humu mjini ana redio ya kurusha, anaziba yangu siku moja au siku chache kabla hatujavamiwa. Nimewaonyesha nyakati nilizoandika.

Shemeji akauliza, "Unaweza kujua ni nani?"

"Bado. Najua yuko karibu tu."

"Karibu na wewe," akasema polepole, kama anayehesabu nyumba.

Machi 28

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwingine.

Saa tatu asubuhi nilisikia watu mtaani. Walinzi walikuwa wamemtoa Taratibu nyumbani, wamemleta kwenye uwanja wa mafundi matofali, na mmoja ameshika waya wa kuanikia nguo, bado una vibanio. Watu mia, labda zaidi. Wengi wao wamezika mtu wiki hii. Mwanamke mmoja alikuwa akirudia, "Kikulacho ki nguoni mwako, kikulacho ki nguoni mwako," bila kumtazama mtu.

Shemeji akanipungia nisogee. Akasema mbele ya wote, "Fundi, wewe ndiye unayejua. Huu ni waya wa redio au si wa redio?"

"Ni wa redio," nikasema, "lakini ni mimi niliye..."

"Lakini" yangu haikumfikia mtu. Taratibu alikuwa amefungua mdomo. Alikuwa akinitazama mimi, akisema, "Ni, ni, nili, nili," na shingo imemtoka mishipa, na watu wanapiga kelele aseme, na kadiri wanavyopiga kelele ndivyo neno linavyozidi kukwama. Mtu akampiga mdomoni kwa kile chuma chake mwenyewe cha kugongea soli. Akaanguka. Kisha matofali.

Nilimvuta mmoja shati, nikapigwa kiwiko, jino likavunjika. Nilipoinuka walikuwa wameshamfunika. Haikufika dakika kumi. Mkewe alifika akikimbia na sabuni mikononi, na watu wakampisha, wote kwa pamoja, kwa adabu, kana kwamba wamepisha jeneza.

"Nilipewa." Hilo ndilo neno alilokuwa akilitafuta. Nina hakika.

Machi 29

Sijatoka nje.

Machi 30

Mwalimu aliita saa tano. Sikujibu.

Aprili 2

Saa kumi na dakika tano, nikiwa nasikiliza tu bila kujibu, Mwalimu akafunikwa. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Taratibu ana siku tano ardhini.

Nikaosha uso, nikakaa chini kufanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kufungua mdomo. Nikaanza kumtafuta huyo mrushaji kwenye masafa yake mwenyewe, kidogo kidogo. Redio hii ina jambo moja la kusifiwa: kioo chake huchora kila kinachorusha kama mistari, na mstari wa aliye karibu ni mnene kama kidole. Alirusha tena saa kumi na moja kasoro robo, nikamwona. Haongei. Anabonyeza kitufe na kuachia. Mara tatu, kimya.

Aprili 3

Nimetoa waya, nikaweka antena fupi, nikajifunga redio kifuani chini ya koti la mvua. Mwili wa mtu huzuia mawimbi. Ukigeuka polepole, mahali mshale wa nguvu za mawimbi unapoanguka ndipo mgongo wako unapomwelekea anayerusha. Hapo kukaa kwa vitufe juu kumenifaa, niliinamisha kidevu tu nikasoma.

Saa nne asubuhi nilikuwa kisimani, nimeshika ndoo kama wengine. Alibonyeza. Nikageuka kama anayetafuta mtu. Mshale ulianguka nilipoupa mgongo upande wa soko.

Saa kumi nilikuwa kwenye ukuta wa zahanati. Alibonyeza tena. Nimechora mistari miwili kwenye karatasi ya mji niliyoichora mwenyewe. Imekatana juu ya bomba la moshi la tanuri la mikate.

Nimechora upya mara nne. Nilitaka niwe nimekosea.

Aprili 4

Nilikwenda saa tano, saa ambayo wateja wameshaondoka. Shemeji alikuwa amechomeka mikono kwenye unga hadi viwiko.

"Shemeji," nikasema, "leo utabonyeza mara ngapi?"

Hakugeuka. Akaendelea kukanda, mara mbili, mara tatu. Kisha mikono ile ikawa shingoni mwangu. Alinisukuma hadi kwenye mlango wa tanuri, mkono wangu wa kushoto ukagusa chuma, nikasikia ngozi inalia kama kitunguu kwenye mafuta. Alikuwa analia yeye pia. Alikuwa ananinyonga na machozi yanadondoka usoni mwangu. Mkono wangu wa kulia ukakuta koleo la kuchokolea moto. Nilimpiga sikioni. Hakuachia. Nikampiga tena, akakaa chini kwenye unga, damu na unga vikawa ute wa waridi.

"Wanaye," akasema. "Walimtoa kwenye lori. Alikuwa anakuja nyumbani likizo. Wameniletea redio na begi lake, nikawaambia dizeli ilipo."

Mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu.

"Mara moja ni mashine, mbili maduka, tatu zahanati. Waliniambia nikikataa watamleta vipande vipande. Ungefanya nini, shemeji? Wewe huna mtoto."

"Taratibu alikuwa nao wawili."

Akaficha uso.

"Umemsikia sauti yake? Hata mara moja?"

"Nimeona begi."

"Tatu umeshabonyeza. Lini?"

"Kesho kutwa. Mvua ikianza." Kisha akasema, "Wakijua nimesema watamuua."

Nikamwambia askari watamtafuta kwanza yeye. Sikuwa na hakika na neno hilo hata chembe, na nilimwangalia machoni nikalisema.

Nilirudi karakana nikamwita Mwalimu kabla ya wakati wake, nikaita dakika arobaini hadi akapita karibu na redio yake. Nilitumia nguvu ndogo ili betri idumu, na kitufe cha maiki ni kidogo, kigumu, na mkono wa kulia ukiwa kwenye nobu, kidole kilichoungua hakikiwezi. Nilikibonyeza kwa kifundo cha mkono. Mwalimu hakuuliza maswali. "Nakwenda kambini mwenyewe," akasema.

Aprili 5

Usiku wa jana na leo mchana tumewahamisha majeruhi, Mganga na mimi na watu sita tunaowaamini, kwa machela, kama tunaobeba maiti kuzika. Mama alikataa kubebwa, akatembea. Vitandani tumeweka magunia na kuyafunika shuka. Shemeji yuko chumba cha unga, Mganga amemfungia. Saa kumi nilimtoa, nikasimama nyuma yake na koleo, akabonyeza mara tatu ili wajue mambo ni yale yale.

Askari wamevuka mto juu zaidi, kwa mapipa na kamba. Wawili wamechukuliwa na maji.

Aprili 6

Mvua ilianza saa saba na nusu. Nilikuwa dirishani mwa ghala linalotazamana na zahanati, redio kifuani, kazi yangu ni kusema neno moja wakishaingia wote.

Nilihesabu ishirini na mmoja. Walitembea bila haraka. Waliingia zahanati na kuanza kukata vitanda. Nilisikia magunia yanapasuka na mmoja anacheka, halafu hakucheka. Hapo nikabonyeza nikasema, "Wote."

Nilidhani vita ni mlio. Ni chokaa inayoruka ukutani, ni mtu anayekimbia na mguu wake hauendi naye. Walitoka mlangoni wakakutana na risasi, wakarudi, wakatokea madirishani, wakakutana nazo tena. Mmoja alipanda paa na bati likamzunguka kama mkeka. Wawili walitupa silaha na kunyanyua mikono, na mmoja wao alipigwa hata hivyo. Nilimwona askari aliyefanya vile. Hakuwa na hasira, alikuwa anafanya kazi.

Mmoja alifika hadi mlango wa karakana yangu, akakaa chini akiuegemea, ameshika tumbo. Milio ilipokwisha nilikwenda, nikamtambua. Ndiye aliyemkata Mama. Aliniomba maji. Nilisimama pale nikimtazama, muda mrefu kuliko nitakaoukiri kwa mtu. Kisha nikaleta kikombe. Yalimtoka pembeni mwa mdomo, akafa kabla hajameza.

Kumi na tisa wamekufa. Mmoja ametekwa, mmoja amepotelea msituni.

Aprili 7

Aliyetekwa amesema. Msichana wa begi aliruka mtoni siku ile ile walipomtoa kwenye lori, akiwa amefungwa mikono. Hakuibuka. Walibaki na begi, wakaona linatosha.

Nilimwambia Shemeji mimi mwenyewe, kupitia mlango wa chumba cha unga. Baadaye nilisikia anauliza, "Siku ile ile?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena baada ya muda, kana kwamba hajawahi kuuliza.

Aprili 8

Nimekwenda kwa mke wa Taratibu. Watoto wake wawili aliwatuma nje. Nilimwambia yote kwa mpangilio: waya nilitoa mimi, maneno niliyapeleka mimi kwenye benchi, swali aliuliza Shemeji akijua, jibu nilitoa mimi. Nikamwambia neno nililodhani mumewe alikuwa akilitafuta.

Alikuwa anakunja nguo. Alikunja mpaka ya mwisho, akasema, "Nenda nyumbani kwako."

Aprili 9

Mji umejua. Nani amesema sijui, ila mji ukiwa na njaa ya jambo haukosi mpishi. Walivunja mlango wa chumba cha unga saa nne asubuhi na hawakuhitaji kumburuta Shemeji. Alitembea mbele yao hadi uwanja wa matofali, akakaa chini pale pale. Watu walewale. Nilimwona aliyeshika kile chuma, sasa ameshika tofali.

Nilijipenyeza hadi mbele sijui nikitaka kufanya nini. Nilimchukia mtu yule. Ni mume wa dada yangu.

Mke wa Taratibu alifika akiwa anatembea. Wakampisha kama siku ile. Akasimama kati yake na watu, akasema kwa sauti ya kawaida, wa nyuma wakaulizana amesema nini:

"Mume wangu mlimuua ana neno mdomoni. Huyu atamaliza ya kwake. Halafu askari wamchukue."

Mtu akasema, "Mama, tupishe."

"Wewe ulirusha la ngapi?" akamuuliza. "La kwanza au la pili?"

Yule mtu akatazama mkono wake.

Shemeji alisema kuanzia saa nne na nusu hadi adhuhuri, mvua ikimnyeshea. Lori, begi, mara moja, mara mbili, mara tatu. Alipofika tarehe ishirini na nane aliwataja waliokuwapo mmoja mmoja, kwa kazi zao, fulani alirusha, fulani alishika miguu, na mimi aliyesema "ni wa redio". Hakuna aliyemkatiza. Matofali yalikuwa yakiwekwa chini, si kwa pamoja, hapa moja, pale moja, na kila moja lilisikika. Alipomaliza, mke wa Taratibu akamuuliza, "Umemaliza?" Akasema amemaliza. Askari wakamfunga, wakamvusha.

Aprili 15

Manyunyu. Mama ameshika kikombe kwa vidole viwili.

Aprili 20

Nimemtumia Mwalimu taarifa ya redio, kwa lori la kwanza kuvuka daraja la muda la askari. Watenganishe zile nobu, moja iwe na meno ili kidole kiijue gizani. "Pi" izimwe kwa kitufe kimoja. Mlangoni pawekwe kichujio. Sikuandika zaidi.

Aprili 28

Mke wa Taratibu amekuja karakana leo asubuhi, bila kubisha. Nilikuwa naunganisha waya wa spika. Aliangalia meza, akaangalia mkono wangu ulioungua, akavuta kiti.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Nimekuja kwa sababu kila ninayekutana naye ananiambia niyaache yaliyopita. Wewe hujaniambia."

Nilizima pasi ya kuchomea nikaiweka chini.

Akaanza kunieleza siku Taratibu alipomposa, jinsi alivyosimama mbele ya baba mkwe tangu chai ilipomiminwa hadi ikapoa, na wajomba wote wameinamisha vichwa wasicheke, na yeye nyuma ya mlango anamwombea neno moja tu litoke. Alieleza polepole, akirudi nyuma kusahihisha, mara ni mjomba mkubwa, hapana, ni yule mdogo. Ilichukua asubuhi nzima. Sikumkatiza.